Likizo ya mwezi wa sita nyumbani Muheza, na safari tatu nilizotoka na mama

MwlWaRamani #1

Habari za jioni wakuu. Wakubwa shikamooni.

Mimi ni mwalimu, nina miaka 27, nafundisha Jiografia katika sekondari ya kata mkoani Tabora. Huu ni mwaka wangu wa tatu kazini. Kwetu ni Muheza, Tanga. Nimerudi kituoni juzi na nimeona niandike kabla muhula haujashika kasi, kwa sababu likizo hii imenikaa moyoni, na najua humu kuna walimu wenzangu wengi waliopangiwa mbali na kwao.

Likizo zetu mnazijua. Shule inafungwa mwanzoni mwa mwezi wa sita, inafunguliwa mwezi wa saba, lakini kidato cha pili na cha nne wanabaki kambi na wa kuwafundisha ni sisi sisi. Mwaka jana kambi ilikula likizo yangu yote, nikaenda kwetu siku nne, na mbili kati ya hizo nilizimaliza kitandani kwa uchovu wa basi. Safari hii tulipangana zamu mapema. Nikafundisha wiki ya kwanza, nikaachiwa, nikabaki na siku 19.

Nilipanda basi la Dar alfajiri: Itigi, Manyoni, Dodoma, Morogoro. Usiku nikashuka Chalinze, nikalala gesti, asubuhi nikapata basi la Tanga linalopita Segera. Ukianza kuona machungwa yamepangwa mafungu mafungu kando ya lami, ujue Muheza hiyo. Mwezi wa sita ndio msimu wenyewe, hata hewa inanukia maganda.

Siku ya pili jioni nilikuwa nasahihisha karatasi za mtihani nilizokuja nazo, mama anakuna nazi pembeni yangu. Mtoto wa kaka yangu, yuko darasa la tano, akachukua karatasi moja akauliza mchoro ule ni wa nini. Nikamwambia ni pango la mawe ya chokaa. Haya yanayoning'inia juu yanaitwa stalaktiti, haya yanayoota chini ni stalagmiti.

"Kama Amboni?"

Nikamjibu, ndiyo, kama Amboni.

"Shangazi, ulishafika?"

Nilinyamaza. Somo lile nimelifundisha miaka mitatu. Nimelichora ubaoni kwa chaki za rangi, nimetunga maswali yake, nimewapa watoto wa watu sifuri kwa kulikosea. Na mguu wangu haujawahi kukanyaga Amboni, wakati kutoka mlangoni kwetu ni daladala mbili. Nikamtazama mama. Mama amezaliwa Muheza, ameolewa Muheza, ana miaka 58. Amboni hajafika. Amani, ile milima anayoiona kila asubuhi akifagia uwanja, hajafika. Pangani alienda mara moja msibani, wakaingia usiku na kutoka usiku. Mto hajauona.

Usiku ule nikachukua daftari nikaanza kupiga hesabu. Nitaendelea.

KijanaWaSegera #2

Tuko pamoja mwalimu, shusha. Mimi napita Muheza kila wiki na ninachokijua hapo ni machungwa basi.

MkulimaUrambo #3

Pole na kambi mwalimu. Nikuulize kwa nia njema kabisa. Mshahara wa mwalimu wa miaka mitatu tunaujua, Bodi ya Mikopo nayo ina chake. Kwa nini likizo usiifanye ya kuingiza pesa? Mke wangu ni mwalimu, likizo ya Juni tunachambua tumbaku na kuifunga kwa ajili ya soko. Hatujawahi kutembea popote na maisha yanakwenda.

MwlWaRamani #4

Kaka MkulimaUrambo, swali lako ni la haki na sikulichukulia vibaya. Bodi inanikata asilimia 15 ya mshahara wa msingi kila mwezi, na nauli ya likizo serikalini tunalipwa mara moja kila miaka miwili, mwaka huu haikuwa zamu yangu. Nilichofanya ni kutenga elfu ishirini kila mwezi tangu Januari. Mitano kwa ishirini ni laki moja. Kaka yangu akaongeza elfu themanini alipoona nimekazana. Hiyo ndiyo pesa yote ya matembezi, nje ya nauli ya kutoka Tabora.

Lakini kuna jambo lingine. Baba alifariki nikiwa kidato cha tatu. Mama aliuza machungwa kwenye dirisha za mabasi pale stendi mpaka nikamaliza chuo. Miaka yote hiyo alikuwa anaona watu wanapita kwenda mahali, yeye amesimama na beseni. Nikiweza kumpandisha gari moja katika hayo akakaa dirishani, siwezi kusema pesa ile ingefanya kazi bora mahali pengine.

Sasa Amboni.

Tulikwenda Jumamosi, watu sita: mimi, mama, wifi yangu na watoto watatu wa kaka. Daladala ya kwanza Muheza hadi Tanga mjini. Ya pili inafuata barabara ya Horohoro. Mapango yako kama kilomita nane tu kaskazini ya mji, upande wa Kiomoni. Kutoka barabarani tukachukua bodaboda mbili. Mnalipa kiingilio, mnapewa kiongozi mwenye tochi.

Mama akasimama mdomoni mwa pango, kajitanda kanga. Akaniambia kwa sauti ya chini, "Bibi yako alinikataza huku tangu mdogo. Alisema ni kwa mizimu." Ndipo nikaelewa kwa nini hakufika miaka yote hiyo. Wala halikuwa suala la nauli. Akavua viatu, kisha akasema kwa heshima zake zote, "Hodi." Yule kiongozi, kijana mdogo tu, akamjibu, "Karibu mama, ingia." Akamwambia viatu avae, chini kuna utelezi. Nampongeza sana yule kijana. Hakucheka, na mbele kidogo akatuonyesha pale ambapo watu mpaka leo huja kuomba na kuacha ubani na marashi, akatueleza taratibu bila kumdharau anayeamini wala kumlazimisha asiyeamini.

Ndani ni baridi na giza zito. Kuna mahali unapita kwa kuinama, mahali unajibana ubavu, halafu ghafla unatokea ukumbini, dari liko juu kama la msikiti mkubwa. Popo wamening'inia makundi makundi. Watoto walinishika gauni pande zote.

Halafu nikaliona. Stalaktiti lenye ncha, na kwenye ncha tone la maji. Niliwaomba wote wazime simu, ibaki tochi ya kiongozi peke yake. Tukangoja. Tone likavimba, likang'aa, likadondoka. Nikawaeleza hapo hapo, sauti inanitetemeka kama siku ya kwanza ya mazoezi ya kufundisha. Mvua ikinyesha juu inabeba kaboni dayoksaidi ya hewani na ya kwenye udongo, maji yanakuwa asidi hafifu, yanakula jiwe la chokaa yakipenya kwenye nyufa. Yakifika hapa kwenye uwazi, ile hewa inatoka na chokaa kidogo inabaki. Tone kwa tone. Mawe yenyewe ni ya zama za Jurasiki, miaka kama milioni 150, wakati huku kote kulikuwa bahari.

Mtoto akauliza, "Kwa hiyo linakua?" Nikamwambia linakua, ila tangu bibi mkubwa azaliwe mpaka leo huenda halijaongezeka hata upana wa kidole. Akanyoosha mkono, nikamzuia. Mafuta ya ngozi yanaharibu lile tabaka linalojengeka. Nikataka kupiga picha ya darasani, na picha ya namna hiyo lazima iwe na kipimo. Mama akasogeza mkono karibu na jiwe bila kuligusa, na pete yake ya ndoa, nikapiga. Mkono wa mama na stalaktiti.

Mwalimu_Kwale #5

Mwalimu mwenzangu, salamu kutoka ng'ambo ya Lunga Lunga. Sisi Kenya likizo yetu ndefu ya katikati ni Agosti, lakini habari ni ile ile. Mimi nafundisha kilomita chache kutoka Shimoni. Kule kuna pango la matumbawe ambamo watumwa walikuwa wakifungiwa wakingoja majahazi, na sasa wenyeji wenyewe ndio wanaolisimamia. Nimefundisha historia ya biashara hiyo miaka sita kabla ya kuingia mle. Siku nilipoingia niliona vyuma vilivyobaki ukutani, na sikufundisha tena somo lile kwa namna ya zamani. Endelea dadangu.

Chumbageni #6

Mimi wa Tanga mjini kabisa. Naomba kuuliza, wazee wanaweza kupita mle? Nina mama wa miaka 70 na magoti yanamsumbua. Halafu walikuonyesha alikojificha Otango?

MwlWaRamani #7

Mwalimu_Kwale, asante sana, Agosti ikifika andika na wewe.

Chumbageni, kwa magoti mabovu nisingeshauri njia nzima. Ukumbi wa mwanzo anaweza kufika akishikwa mkono na pale tu tayari ataona mengi. Habari za Otango tulisimuliwa, jinsi alivyowasumbua wakoloni na kujificha mapangoni. Mama alikuwa anaijua ile hadithi kuliko kiongozi, akaimalizia yeye.

Kabla sijaenda Amani niseme kidogo siku za katikati, maana sikuwa natembea kila siku. Asubuhi naendesha baiskeli ya marehemu baba mpaka gulioni. Mchana napika na wifi. Nilikuwa nimeikosa bada, ugali wetu wa muhogo. Tabora unga wa muhogo upo, lakini bada na mchuzi wa papa wa nazi vinahitaji watu wanaovijua. Alasiri nakaa kwa bibi, mama yake mama, ana miaka 81, kujifunza kusuka ukili.

Hilo la ukili lilinichukua siku nyingi kuliko nilivyotarajia. Miyaa inaanikwa, inachanwa chane nyembamba zilizo sawa, kisha unasuka ukanda mrefu ambao baadaye unashonwa mkeka. Siri yote iko kwenye kidole gumba cha kushoto: kikilegea, ukili unapinda. Wangu ulipinda. Bibi akaufumua hatua nzima bila kusema neno, akanirudishia mwanzo. Siku ya tatu hakuufumua. Aliupitisha tu mkononi, akauviringa, akaweka pamoja na wa kwake. Nimefundishwa na maprofesa, lakini sikumbuki alama iliyonifurahisha kama ile.

Ni kwenye ukili ndipo aliponiambia, akiwa anatazama kazi yake, "Hiyo Amani mnayotaka kwenda, mimi nimechuma chai kule kabla sijamzaa mama yako."

Mama alikuwa pale. Hata yeye hakuwahi kusikia.

KijanaWaSegera #8

Mama mzazi hajui kwamba mama yake alichuma chai! Wazee wetu wana mambo mengi wameyanyamazia. Twende Amani.

MwlWaRamani #9

Amani ndiyo iliyokula pesa. Tulikodi Noah, shilingi laki moja na mafuta, kwa sababu bibi asingeweza kubanana. Kutoka Muheza ni kilomita kama 35 lakini sehemu kubwa ni vumbi na kona, na ukianza kupanda masikio yanaziba. Bibi alikaa mbele. Kusema kweli nilihofia afya yake, nikabeba blanketi na chupa ya chai ya tangawizi. Kipupwe cha juu kule si mchezo, chini unatoka jasho, Amani unavaa sweta.

Tulipita Sigi, ilipokuwa inaishia reli ndogo ya Wajerumani iliyotokea Tengeni. Nyumba ya stesheni bado imesimama. Wajerumani walianzisha kituo chao cha utafiti wa mimea Amani mwaka 1902, wakaleta miti kutoka pembe zote za dunia kuijaribu. Mpaka leo unatembea unakutana na mdalasini, karafuu, kafuri, na mti wa kwinini, ule uliokuwa dawa ya malaria. Msitu wenyewe ulifanywa hifadhi ya mazingira asilia mwaka 1997. Ua dogo la zambarau ambalo Wazungu wanalipanda kwenye vyungu madirishani asili yake ni milima hii hii ya Usambara. Lilipelekwa Ulaya mwaka 1892 na mtawala wa Kijerumani wa Tanga, na jina lake la kisayansi la awali, Saintpaulia, limetokana na jina la ukoo wake. Tuliliona limejishika kwenye jiwe lenye ukungu, kivulini, dogo kuliko nilivyodhani. Na kuna chura wa huku ambaye hatagi mayai, anazaa vitoto vilivyo hai. Huyo hatukumwona, ila kinyonga tulimwona, na watoto hawakutaka kuondoka.

Lakini nataka kueleza ya chai.

Tuliposogea upande wa Kwamkoro, mashamba ya chai yakafunguka pande zote mbili, kijani kimekatwa sawasawa. Bibi akamwambia dereva, "Simama hapa mwanangu." Tukamwomba mzee aliyekuwa akisimamia wachumaji, akaruhusu. Bibi akaingia kwenye mstari. Mgongo ambao nyumbani unamsumbua kuinuka kitini ulinyooka, mikono yote miwili ikatangulia. Majani mawili na kichipukizi, majani mawili na kichipukizi. Haangalii. Anazungumza na yule mzee, anamuuliza habari za nyumba za wafanyakazi zilizokuwa bondeni, na mikono inaendelea yenyewe. Anachuma, anatupa nyuma begani, mahali ambapo tenga lilikuwa linakaa. Majani yakawa yanadondoka chini maana tenga halikuwepo.

Mama akasogea nyuma yake, akatandua kanga, akaikinga.

Hawakusemezana. Mama alimfuata hivyo kama hatua ishirini. Sikupiga picha, nilikuwa nimeshika simu na sikukumbuka kama ninayo.

MamaWaKorogwe #10

Mwalimu, nimesoma hapo kwenye kanga nikaweka simu chini. Mungu ampe bibi umri. Mama yangu naye alifanya kazi kwenye mkonge miaka mingi, kesho namfuata kumuuliza.

Chumbageni #11

Kwa wanaotaka kwenda, barabara ya Amani msiende masika na gari dogo. Juni mpaka Septemba ndio wakati.

MwlWaRamani #12

MamaWaKorogwe, muulize. Usingoje.

Pangani ilikuwa ya mwisho, mimi na mama peke yetu, kwa gari la abiria kutoka Tanga. Tulishuka kwanza Tongoni, kilomita kama 17 kusini ya Tanga. Kuna magofu ya msikiti wa zamani na makaburi zaidi ya arobaini, yamejengwa kwa mawe ya matumbawe na chokaa. Mengine yalikuwa na nguzo ndefu, nyingi zimeanguka, na unaona vishimo vya mviringo palipopachikwa mabakuli ya kauri. Ni ufuo huu huu ambao Vasco da Gama aliichoma moto meli yake moja, São Rafael, mwaka 1499, kwa sababu mabaharia waliobaki hawakutosha kuendesha meli tatu.

Tulifika maji yamejaa, bahari imekuja mpaka kwenye mikoko, na kusi inavuma. Mama alitaka kushuka ufuoni. Mvuvi mmoja aliyekuwa anashona wavu akamwambia, "Mama, leo hutaona kitu. Njoo wakati wa bamvua, maji yakitoka utatembea mpaka uchoke." Mama akamuuliza maswali mengi sana juu ya bamvua, siku ambazo maji hujaa na kutoka sana, na maji mafu, siku ambazo hujaa na kutoka kidogo. Mimi nilikaa kando nikasikiliza. Ni mada ninayoifundisha, mvuto wa mwezi na jua, na yule mvuvi aliieleza kwa maneno machache kuliko kitabu.

Pangani mjini hatukufanya makubwa. Tukapita mbele ya nyumba za kale, nikamwonyesha mama mji ambao Abushiri alinyongwa tarehe 15 Desemba 1889 baada ya kuwapinga Wajerumani. Tukala wali na samaki. Kisha tukapanda pantoni kwenda Bweni. Hatukuwa na shida yoyote Bweni. Tulitaka kuvuka tu.

Katikati ya mto nikamwambia, mama, maji haya yametoka Kilimanjaro na Meru. Yamekaa bwawa la Nyumba ya Mungu, yamezungusha mitambo ya umeme pale Hale, ndipo yakafika hapa. Akainama akayatazama muda mrefu. Akaniuliza, "Kwa hiyo ule umeme wa nyumbani?" Nikamwambia na ule pia, umo kwenye gridi moja. Tulipofika ng'ambo, akashuka, akakanyaga mchanga wa Bweni, akasema, "Haya, nimevuka." Tukarudi na pantoni ile ile.

UshairiNaLugha #13

Mwalimu, njia hiyo ya Tanga kwenda Pangani inapita Machui. Ndipo alipozikwa Shaaban Robert mwaka 1962. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, nilikwenda peke yangu mwaka juzi, nikasafisha majani kidogo pembeni ya kaburi na kukaa kimya. Safari ijayo shukeni hapo, hata kwa nusu saa.

MkulimaUrambo #14

Mwalimu, nimerudi. Nilimsomea mke wangu uzi huu jana usiku kuanzia mwanzo. Akaniambia kwamba kwa miaka kumi na moja anafundisha habari za Livingstone na Stanley, na tembe la Kwihara walilokaa mwaka 1872 liko nje kidogo ya Tabora mjini, na hajawahi kuliona. Sikujua. Tumekubaliana tumbaku ikishauzwa tunakwenda na watoto wote. Nashukuru kwa jibu lako, lilinifikia.

MwlWaRamani #15

UshairiNaLugha, tulipita pale na sikujua. Nimeandika kwenye daftari.

Kaka MkulimaUrambo, mpe mama salamu zangu nyingi. Nikipata Jumamosi huru nitakuja kuungana nanyi, mimi pia Kwihara sijafika.

Kuhusu darasa: Jumatatu niliichapisha ile picha kubwa, nikaibandika ubaoni kidato cha tatu. Kabla sijafungua mdomo mwanafunzi mmoja wa nyuma akauliza mkono ule ni wa nani. Nikawaambia. Wakataka kujua kila kitu, kipindi cha dakika 40 kikaisha hatujagusa kitabu, na kengele ilipolia walikuwa wameshaelewa tone linavyofanya kazi.

Na jana usiku mama kapiga simu. Kikundi chao cha kuweka na kukopa, wanawake kumi na wawili, wanataka kukodi kosta waende Tongoni na Pangani. Yeye ndiye kiongozi wa msafara. Alikuwa anataka kuhakikisha tarehe: mwezi ukiwa mpevu ndiyo bamvua, au anahesabu siku mbili mbele? Nikamwambia ahesabu moja au mbili mbele, na wawahi asubuhi, maana maji ya kutoka hayamsubiri mtu. Akanijibu kwamba hilo la kuwahi mvuvi alishamwambia.

Nitawaletea picha zao wakirudi.